MAZUNGUMZO YA KARAKANA: Pikipiki Iliyotikisa Kichwa

Juma hili nataka kuwasimulia habari ya pikipiki moja ya Bafwasende. Nina sababu mbili. Kwanza, ugonjwa wake ni ugonjwa wa pikipiki nyingi za nchi yetu, na mara nyingi waweza kujulikana kwa spana chache, ufito mmoja na uzi. Pili, kwa ajili ya pikipiki hiyo kijana mmoja alikuwa karibu kupoteza jina lake jema, naye hakuwa mwizi.

Kwa wale wasioijua Bafwasende, nasema hivi. Ukitoka Kisangani na kuishika Barabara ya Taifa namba 4 kuelekea mashariki, wapita katika msitu mkubwa kwa kilomita zipatazo 260, ndipo ufikapo mji huo kando ya mto Lindi. Mbele yake barabara yaendelea hata Nia-Nia na Mambasa. Barabara hiyo ni ya udongo. Mvua ikinyesha, pikipiki huogelea katika matope, na mwendo wake haupiti ule wa baiskeli. Lakini jua likiwaka siku nyingi mfululizo, udongo mwekundu hukauka na kuwa mgumu kama sakafu, na hapo vijana hufungua mafuta. Huko pikipiki ndiyo lori, ndiyo teksi, ndiyo gari la wagonjwa. Hubeba mchele, ndizi, chumvi, sanduku la chanjo, hata mama aliye karibu kujifungua. Basi pikipiki isiyokwenda sawa si jambo la mwenyewe peke yake. Ni jambo la wote wanaoketi nyuma yake.

Jambo lilivyoanza

Mtu mmoja wa mji huo alinunua Kisangani pikipiki iliyokwisha kutumika, ya zile zilizoundwa kwa njia mbaya: ndefu, nyepesi, yenye gurudumu la mbele kubwa na jembamba la inchi 21, na la nyuma la inchi 18. Tairi la mbele lilipokwisha kuwa kipara, akatafuta jingine la kipimo hicho, asilipate. Lakini matairi ya inchi 17, yanayovaliwa na pikipiki nyingi za teksi, yalijaa madukani. Akanunua magurudumu mawili ya inchi 17, akampelekea kijana mmoja mwanafunzi wa ufundi, akamwambia, “Nifungie haya.” Tena, kwa kuwa miguu yake haikufika chini vizuri, akaagiza shokapu za mbele zipandishwe katika vishikio vyake kwa sentimita 3, ili pikipiki iiname mbele. Mwisho akaagiza keria ndefu ya chuma nyuma, ipokee mizigo mingi.

Kijana akafanya kama alivyoagizwa. Miezi ya mvua ikapita bila neno. Mwezi wa Februari, njia ilipokauka, mwenye pikipiki alikuwa akirudi mjini na mama mmoja mchuuzi, na nyuma ya mama amefunga gunia la chumvi na katoni mbili za sabuni. Mwendo ulipokaribia kilomita 70 kwa saa, usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwake. Akaushika kwa nguvu zake zote, ukazidi. Akabana breki ya mbele, wakaanguka. Yeye alichubuka magoti. Mama yule alivunjika mkono wa kuume, ule anaopimia chumvi yake sokoni.

Kesho yake mwenye pikipiki akasema mbele ya watu kwamba kijana alitoa beringi nzuri akaziuza, akatia mbovu mahali pake. Wazee wa mtaa wakaitwa. Baba wa kijana akatakiwa kulipa dawa za mama na hasara ya pikipiki. Kijana akaacha kwenda karakana, kwa aibu.

Mimi nilikuwa Bafwasende siku hizo kwa shughuli nyingine. Wazee, wakijua nimekula miaka mingi na spana mkononi, wakaniuliza shauri. Nikawaambia, “Baba zangu, nipeni siku tatu na pikipiki yenyewe. Na kijana aje afanye kazi nami, na mwenye pikipiki asimame karibu aone kila kitu. Tutafute kosa kwanza. Tukilipata kosa, hatutakuwa na taabu ya kumtafuta mkosaji.”

Kwa nini pikipiki hutikisa kichwa?

Kabla ya kufungua hata nati moja, nilimwuliza mwenye pikipiki, “Ndugu yangu, ilitikisa kichwa, au ilitikisa kiuno?” Akashangaa. Nanyi wasomaji labda mwashangaa, basi nieleze.

Mwaka 1971 mtaalamu Mwingereza R. S. Sharp alitoa hesabu zilizoonyesha kwamba pikipiki ina namna mbili za kuyumba zisizofanana. Ya kwanza ni ya usukani: gurudumu la mbele hupiga kushoto na kuume upesi sana, kama mara 6 hadi 10 kwa sekunde moja. Hiyo nakiita kutikisa kichwa, na kwa kawaida huja katika mwendo wa kati, tuseme kilomita 50 hadi 90 kwa saa. Ya pili ni ya pikipiki nzima: nyuma huenda huku na huku kama samaki aogeleaye, polepole zaidi, mara 2 hadi 4 kwa sekunde, na hutokea hasa katika mwendo mkubwa. Hiyo nakiita kutikisa kiuno. Tofauti hii yafaa sana kwa fundi. Kichwa kikitikisika, anza kutafuta mbele: gurudumu la mbele, tairi lake, shingo ya usukani. Kiuno kikitikisika, anza nyuma: mzigo, tairi la nyuma, mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma, na bushi zake.

Mwenye pikipiki akajibu bila kusita, “Kichwa, Mzee. Mikono yangu iliganda.”

Sasa sababu ya kutikisika. Mmewahi kusukuma kitanda cha wagonjwa chenye magurudumu madogo? Ukikisukuma polepole, kila gurudumu hugeuka na kufuata kwa utii. Ukikisukuma mbio, moja lao huanza kupiga kushoto na kuume, tatatata, hata kitanda kizima kitetemeke. Gurudumu hilo linafuata nyuma ya msumari wake. Likisukumwa upande, njia hulirudisha katikati. Lakini hurudi kwa nguvu hata likapita katikati, likaenda upande wa pili, likarudi tena. Kama hakuna kitu cha kulituliza, huendelea hivyo hivyo.

Gurudumu la mbele la pikipiki lina tabia iyo hiyo. Nalo hufuata nyuma ya mstari wa shingo yake. Ufuatao huo, ambao mimi nitauita mkia wa gurudumu, ndio unaoufanya usukani ujinyoshe wenyewe ukiuachilia. Mkia ukiwa na urefu wa kutosha, usukani una uzito wake na hausogezwi na kila jiwe. Mkia ukifupishwa, usukani unakuwa mwepesi mno, na kila kishindo cha njia huusogeza. Mkia mfupi peke yake si lazima umwangushe mtu. Lakini ukiongezewa shingo iliyolegea, tairi lililochakaa na mzigo unaoinua pua ya pikipiki, mtikiso mdogo unaopaswa kufa baada ya mapigo mawili hukua badala ya kufa.

Tena mjue kwamba mikono ya mtu haiwezi kuuzuia mtikiso huo kwa kushindana nao. Mpaka jicho lione na mkono utii, usukani umekwisha kwenda upande wa pili. Basi mtu husukuma kwa kuchelewa, na kusukuma kwake kwaongeza mtikiso badala ya kuupunguza. Ndiyo maana mwenye pikipiki alivyoshika kwa nguvu, ndivyo ilivyozidi.

Siku ya kwanza: kupima

Tuliitegemeza pikipiki juu ya gogo lililowekwa chini ya injini, hata gurudumu la mbele likaning’inia. Kijana nikampa daftari, nikamwambia, “Mwanangu, andika kila tunachokiona, kizuri na kibaya. Usifungue kitu mpaka kimeandikwa.”

Kwanza tulipima shingo. Nilishika shokapu mbili kwa chini, nikazivuta kuja kwangu na kuzisukuma. Tukasikia kigongo kidogo, tok, tok. Shingo ililegea. Kisha nikaugeuza usukani polepole kwa kidole kimoja. Ulipofika katikati ukanasa kidogo, kana kwamba kuna shimo. Naam, shimo lilikuwapo: gololi zilikuwa zimekwisha kuchimba bakuli zake kwa miaka mingi ya mashimo ya njia.

Pili tulipima gurudumu la mbele. Nililishika juu na chini, nikalisukuma upande kwa upande. Halikucheza. Beringi zake zilikuwa nzima. Hapo nilimtazama mwenye pikipiki, naye akatazama chini, maana beringi ndizo alizosema zimeibwa.

Tatu tulilizungusha gurudumu na kushika kijiti karibu na rimu. Rimu ilipita karibu na kijiti, ikaenda mbali, ikarudi, kama milimita 4. Tukazigonga spoku moja moja kwa spana ndogo. Spoku iliyokazwa hulia kama uzi wa zeze. Iliyolegea hutoa sauti nzito isiyo na uhai. Saba zilikuwa zimelegea. Tena tuliliacha gurudumu lisimame lenyewe mara tano, na kila mara sehemu ile ile ilishuka chini. Maana yake upande mmoja ulikuwa mzito kuliko mwingine.

Nne tulipima upepo. Katika karakana zetu watu husema kilo za upepo. Pikipiki nyingi ndogo huagizwa kilo 1.75 mbele na kilo 2 nyuma mtu akiwa peke yake, na nyuma zaidi akiwa na abiria. Lakini fuata kitabu cha pikipiki yako. Tulikuta mbele kilo 1 tu, na nyuma kilo 1.25, ambayo kwa abiria na gunia la chumvi si kitu.

Tano tulinyosha uzi mrefu kutoka tairi la nyuma hata la mbele, pande zote mbili, tuone kama magurudumu yafuatana. La nyuma lilikuwa limepinda kidogo kuelekea kushoto. Alama zilizochorwa penye kikazio cha mnyororo zilionyesha sawa pande zote, lakini alama hizo mara nyingi hudanganya. Ni afadhali kupima kwa ufito kutoka kiungo cha mkono wa nyuma hata ekseli, kuume na kushoto.

Mwisho tulipima mkia wenyewe. Tuliishusha pikipiki, ikasimama wima juu ya magurudumu yake, usukani umenyoka. Nilichukua ufito ulionyoka, nikaulaza ubavuni mwa shingo ya usukani, ukifuata mwelekeo wa shingo, hata ncha yake ikagusa ardhi. Tukaweka alama. Kisha tukafunga nati kwenye uzi, tukaishusha kutoka kati ya ekseli ya mbele hata ardhi. Tukaweka alama ya pili, nyuma ya ile ya kwanza. Umbali uliokuwa kati ya alama hizo mbili ulikuwa sentimita 6. Pikipiki ya namna ile, ikiwa na gurudumu lake la inchi 21, yapasa kuwa na sentimita 10 au zaidi kidogo.

Kijana akauliza, “Mwalimu, sentimita 4 zimekwenda wapi?” Swali zuri. Gurudumu la inchi 21 lenye tairi lake hunyanyua ekseli kama sentimita 34 kutoka ardhini. Lile la teksi la inchi 17, kama sentimita 29. Gurudumu dogo lenyewe hufupisha mkia. Tena huishusha pua ya pikipiki, na shingo husimama wima zaidi. Mkia hufupika mara ya pili. Na zile sentimita 3 za shokapu zilizopandishwa ili miguu ifike chini ziliufupisha mara ya tatu.

Mwenye pikipiki akasema, “Lakini nimeona katika picha za Ulaya pikipiki za njia mbaya zilizotiwa magurudumu ya inchi 17, nazo zakimbia sana.” Alisema kweli. Mchezo huo huitwa supermoto. Mwaka 1979 huko Marekani kituo cha televisheni cha ABC kilionyesha shindano lililowakutanisha wakimbiaji wa lami na wakimbiaji wa njia mbaya, na tangu hapo watu wengi wamezigeuza pikipiki za namna hiyo. Lakini wao hawabadilishi magurudumu tu. Hubadilisha matairi yawe ya lami, hukaza shokapu ziwe ngumu, hupima upya shingo, hutia breki kubwa, na wengi hufunga kituliza-usukani, yaani bomba dogo la mafuta linalozuia usukani kupiga kwa ghafula. Nikamwambia, “Ndugu yangu, wewe umechukua kiungo kimoja cha mwili wa mwingine, ukakishona kwako, ukaviacha viungo vingine vyote kama vilivyokuwa.”

Siku ya pili na ya tatu: kutibu

Wasomaji, angalieni jambo hili. Fundi mwenye haraka hubadilisha vitu vitano kwa pamoja, na pikipiki ikipona hajui ni kipi kilichoiponya. Ikiugua tena, huanza upya kama kipofu. Sisi tulibadilisha kitu kimoja kimoja, tukianza na kile kisichogharimu fedha.

Tulianza na upepo na mzigo. Tukajaza upepo kwa kipimo. Tukaikata keria ile ndefu, maana gunia lililofungwa nyuma ya ekseli huinua mbele. Wavuvi wa mto Lindi wanalijua hilo: mtumbwi ukipakiwa nyuma peke yake, pua yake huinuka na kutangatanga, na mpiga kasia huchoka bure. Mzigo mzito na uwe chini, tena mbele ya ekseli ya nyuma.

Kisha nikaijaribu, peke yangu, nimevaa kofia ngumu, katika kipande cha barabara kilichonyoka nje ya mji, asubuhi watu wakiwa bado majumbani. Nilipandisha mwendo kwa kilomita 5, tena 5. Usukani ulipoanza kunong’ona, nilipunguza mafuta nikarudi. Wala msijaribu kuutafuta mtikiso mkubwa ili mhakikishe, mnong’ono watosha. Ulianza karibu na kilomita 75. Kijana akaandika.

Pili tulinyosha magurudumu kwa uzi, tukakaza spoku, na penye upande mwepesi wa gurudumu la mbele tukazungusha waya wa risasi juu ya spoku, kidogo kidogo, hata gurudumu likakubali kusimama po pote. Mnong’ono ukapungua, lakini haukutoweka.

Tatu tulifungua shingo. Tukatoa bakuli na gololi zilizochakaa, tukatia mpya zilizopatikana dukani, pamoja na grisi safi. Tukakaza hata kile kigongo kikaisha, lakini usukani ukiguswa uweze kuanguka wenyewe kuume na kushoto. Shingo iliyokazwa kupita kiasi ni mbaya pia. Pikipiki hukataa kunyoka na kuyumba kama mlevi. Hapo tuliona tofauti kubwa. Nilifika kilomita 80 usukani ukiwa umetulia, ila nilipopita juu ya jiwe ulitikisika mara tatu nne kabla ya kunyamaza.

Nne tulizirudisha shokapu mahali pake pa kwanza. Tukaupima mkia tena: kutoka sentimita 6 ulikuwa umefika karibu 7. Ni faida, lakini ni faida ndogo. Sikutaka kuwadanganya wazee. Nikawaambia, “Kwa magurudumu haya pikipiki itakwenda salama kwa mwendo wa kilomita 50, bila kuzidi. Dawa ya kweli ni gurudumu lake la inchi 21. Rimu ya zamani ipo. Tairi liagizwe Kisangani.” Likaagizwa, nalo likaja na lori baada ya majuma matatu. Kijana alilifunga mwenyewe. Nilipoandikiwa barua baadaye, aliniambia mkia umekuwa sentimita 10 na nusu, na usukani wanyamaza.

Ikikupata njiani

Wengi mtauliza: je, ikinipata leo, kabla sijafika kwa fundi, nifanye nini? Yashikeni haya, na wenye abiria wayashike zaidi.

Usishindane na usukani. Ushike, lakini mikono iwe laini. Bana tangi kwa magoti. Inama mbele, uzito wa kifua uende kwenye gurudumu la mbele. Punguza mafuta polepole. Usiyakate kwa ghafula. Usibane breki ya mbele, maana ndiyo iliyowaangusha wale wawili. Mwendo ukiisha kushuka na mtikiso ukiisha kufa, simama kando. Tazama upepo, tazama mzigo, shika gurudumu ulitikise. Kisha endelea kwa mwendo mdogo hata kwa fundi. Pikipiki iliyotikisa kichwa mara moja imekuonya, na si kila mara yaonya mara mbili. Wahenga walisema, usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Abiria naye ana kazi yake: amshike mwendeshaji kiunoni, amkaribie, asijitupe nyuma kwa hofu.

Mkosaji alikuwa nani?

Siku ya tatu jioni tuliketi tena na wazee. Mama mchuuzi alikuwapo, mkono wake umefungwa kwa kitambaa shingoni. Kijana akasoma daftari lake tangu mwanzo hata mwisho. Hakuficha kitu. Alipofika penye shingo iliyolegea akasimama, kisha akasema, “Baba zangu, kosa hili nalijua. Siku ile nilipofunga magurudumu niliona shingo yacheza. Sikusema, kwa kuwa niliogopa ataniambia natafuta fedha zaidi. Beringi sikuiba. Lakini nilinyamaza.”

Watu wakakaa kimya. Kisha mwenye pikipiki akasema, na kwa hilo nilimheshimu, “Gurudumu niliagiza mimi. Shokapu niliagiza mimi. Keria niliagiza mimi. Upepo ni kazi yangu kila asubuhi, na sikuupima. Nimemwita mtoto wa watu mwizi mbele ya mtaa mzima. Basi na mbele ya mtaa mzima nasema, si mwizi.”

Wazee wakaamua hivi: mwenye pikipiki alipe dawa za mama, na amsaidie kwa siku asizoweza kwenda sokoni. Kijana afanye kazi ya gurudumu la inchi 21 bila malipo, kwa ajili ya kunyamaza kwake. Baba yake asidaiwe kitu. Mama akaulizwa kama ameridhika. Akajibu, “Nimeridhika. Lakini yeye asinibebe tena mpaka nimeuona huo uzi na huo ufito kwa macho yangu.” Watu wakacheka, na kijana akaahidi kumwonyesha.

Wasomaji wapenzi, nimefikiri sana juu ya kijana yule. Kama tungemtafuta mkosaji kwanza, tungempata upesi, maana mdogo na maskini hupatikana upesi siku zote. Baba yake angelipa, naye angekiacha kipawa chake. Na pikipiki? Pikipiki ingeendelea kutikisa kichwa, na mama mwingine angeketi nyuma yake.

Basi ninyi mafundi vijana, mkiona kitu kimelegea, semeni, hata kama hamkuulizwa. Nanyi wenye pikipiki, mkiagiza fundi abadilishe kiungo kimoja, mwulizeni ni viungo gani vingine vitakavyoumia. Na ninyi wanafunzi msio na pikipiki, nawapeni kazi ya juma hili: chukueni baiskeli ya nyumbani, ufito, uzi na nati, mpime mkia wa gurudumu lake la mbele. Baiskeli nayo ina mkia. Andikeni urefu wake katika daftari, kisha mtazame shingo yake kama yacheza.

Kwa herini mpaka juma lijalo.